Hao wanyama wana mwenyewe?

Asubuhi ile nilidhani nimeibiwa. Tuta zima la kunde lilikuwa limekatwa kiganja kimoja kutoka ardhini na matembele yamebaki vijiti, kama mtu kapita alfajiri akichuma mboga za kupeleka sokoni. Nikasimama na kikombe cha chai mkononi nikijiuliza ni nani katika bonde hili la katikati ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, lenye nyumba kumi na moja na ng'ombe wasiohesabika, anayejua kula matembele.

Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na nane anayelima mahindi na soya ng'ambo ya barabara, akaja kuangalia. Akachuchumaa kwa taabu, akang'oa shina moja, akanionyesha ncha yake. Haikuwa na mkato. Ilikuwa imechanika, nyuzi zinaning'inia.

"Sungura angekata kama mkasi," akasema. "Huyu hana meno ya mbele ya juu. Anabana, anavuta."

Halafu akanyoosha kidole kwenye udongo laini wa jana: kwato ndogo mbilimbili, zimejipanga kutoka ukingo wa msitu hadi kwenye kunde na kurudi. Hakutaja hata jina la mnyama. Huku ukisema "wamekula bustani", kila mtu anajua ni nani.

Jina lenyewe kwetu lina shida kidogo. Waswahili wenzangu wa huku husema swala, wengine dia tu. Wasomaji wa Zaburi wanamjua kwa jina la ayala. Kamusi nyingi zitakupa kulungu, nami nitalitumia hilo, ingawa kulungu wa porini kwetu ni mnyama mwingine, ambaye pembe akishaziotesha anazo mpaka kufa. Huyu wa Marekani, mwenye mkia mweupe anaoupandisha kama kitambaa akishtuka, dume lake huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine. Watoto wangu huziokota msituni mwezi wa tatu na kuzipanga dirishani.

Jioni nikampigia Mama, Handeni.

"Mwanangu, hukutega?"

"Mama, huku hutegi tu. Kuna sheria."

"Hao wanyama wana mwenyewe?"

"Wa serikali."

Akanyamaza kidogo. "Basi ni walewale. Akila mahindi yako hana mwenyewe. Ukimpiga, mwenyewe anatokea."

Mama anajua anachosema. Nimekulia kwenye dungu. Kwa wasiojua, dungu ni kichanja cha miti juu ya nguzo, kina paa la nyasi, kinajengwa katikati ya shamba ili mlinzi aone mbali. Mahindi yakianza kubeba, Bibi alihamia dunguni na mimi nikipelekwa kumsindikiza, yeye na debe lake, mimi na fimbo. Nguruwe pori walikuja baada ya mwezi kuzama. Huwaoni, unasikia bua likivunjika, kah, halafu jingine. Bibi alipiga debe na kupaza sauti "Huyooo!", na dungu la jirani likaitikia, na la jirani wa jirani, hadi kilima kizima kikawa macho. Nguruwe hali mahindi kwa adabu. Anaangusha bua, anatafuna nusu gunzi, anahamia lingine. Usiku mmoja wa kusinzia ulitosha kumaliza robo eka. Asubuhi nilikwenda shule macho mekundu, na mwalimu hakuuliza kwa sababu nusu ya darasa tulikuwa hivyo.

Jambo lililonikera tangu utotoni ni kwamba hata siku nguruwe alipopigwa, sisi hatukupata kitu. Kijiji chetu ni Waislamu. Mzee mmoja mwenye gobore alikuwa akiua, mzoga unaburutwa unatupwa mbali au wanaitwa watu wa kijiji cha pili waje wachukue. Tulilinda, tukakosa usingizi, tukapoteza mahindi, na mwizi wetu alikuwa haramu. Habari za kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa aliyeliwa mazao na wanyama, tulizisikia redioni, kwa watu walioingiliwa na tembo.

Sasa nimevuka bahari, na mwizi wangu ni halali. Sikulifikiria hilo mara moja. Kwanza nilipitia mambo ambayo kila mgeni wa bonde hili hupitia. Nilining'iniza vipande vya sabuni kwenye vijiti. Niliomba nywele saluni, mfuko mzima, nikazitandaza. Nilinyunyiza maji ya mayai yaliyooza mpaka mume wangu akakataa kula nje. Niliweka redio ya betri ipige taarabu usiku kucha, na siku ya nne nikakuta nyayo hatua mbili kutoka redioni. Kinachofanya kazi ni uzio wa futi 8, maana kulungu huruka futi 6 bila hata kujiandaa, na uzio wa namna hiyo unagharimu kuliko kunde nitakazokula maisha yangu yote. Mzee jirani ana eka zaidi ya mia. Hawezi kuzungushia. Mistari ya soya iliyo karibu na msitu huihesabu kuwa imeshakwenda kabla hajapanda. "Ni kodi," anasema, "ila hii haina risiti."

Novemba ya mwaka huohuo nikamgonga mmoja kwa gari nikirudi kutoka zamu ya usiku. Novemba ndio mwezi wao wa kupandana na madume hukimbia bila kutazama. Taa ya kushoto ilipasuka, boneti likakunjika, na kulungu akafa ukingoni. Nilikuwa natetemeka. Mfanyakazi mwenzangu aliponiona kesho yake, swali lake la kwanza lilikuwa "Uko salama?" na la pili "Nyama umechukua?" Kumbe sheria ya jimbo inaruhusu: ukimgonga, unamchukua, mradi utoe taarifa ndani ya saa 24 upewe namba ya kibali. Pembe, kama ni dume, unazisalimisha au unazinunua. Mimi nilimwacha palepale.

Bustani na gari, hata hivyo, ni madogo. Ukubwa wa jambo hili niliuona msituni, siku mzee jirani aliponipeleka kwenye msitu wa jimbo, mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Milima ya huku ni mirefu na inakwenda sambamba kama matuta ya viazi, na imefunikwa miti. Kwa jicho langu la Handeni ulikuwa msitu mzuri: vigogo vikubwa, kivuli, na chini zulia la majani yaliyochanikachanika kama manyoya, jamii ya kangaga, hadi unapoishia upeo wa macho. Nikasema, Mashaallah. Mzee akanisogeza hadi kwenye kipande kilichozungushiwa waya mrefu, akaniambia nitazame ndani.

Ndani palikuwa na vichaka. Miche ya mialoni ilinifika kiunoni, mashina ya miiba ya beri mwitu, maua, vijiti vya kila aina vikigombea jua. Nje ya waya, hatua moja tu, palikuwa na kangaga peke yake. Udongo uleule, mvua ileile. Kulungu hapendi kangaga, hivyo amekula kila kitu kingine kwa miaka na kuiachia kangaga uwanja. Nikaangalia tena vile vigogo vikubwa nilivyovisifu na nikaelewa: ni wazee watupu. Msitu usio na watoto. Mti ukianguka, hakuna wa kuziba pengo.

Wataalamu wa misitu wa serikali kuu walilipima jambo hili kwenye eneo la Allegheny, kaskazini magharibi mwa jimbo, kuanzia 1979 kwa miaka kumi. Waliwafungia kulungu kwenye mazizi ya msitu kwa idadi tofauti, kuanzia 10 hadi 64 kwa maili mraba, wakahesabu kilichobaki. Wakizidi 20 hivi, miche ya aina mbalimbali inapungua na kangaga inashika. Hata ndege wanaojenga viota kwenye vichaka vya usawa wa kati wanapungua, ingawa kulungu hajawahi kumgusa ndege.

Wametokea wapi wengi hivi? Hapa historia inachekesha kidogo. Kufikia 1900 Marekani nzima ilikuwa na kulungu hawa kati ya 300,000 na 500,000 tu. Misitu ilikwisha kufyekwa na watu waliwinda kwa ajili ya kuuza nyama mijini. Pennsylvania iliunda tume yake ya wanyamapori, Game Commission, mwaka 1895, na 1906 ikaanza kununua kulungu kutoka majimbo mengine, kundi la kwanza kutoka Michigan, ikawaachia milimani kama mtu anayefuga. Mwaka uliofuata ikapiga marufuku kuua majike. Mbwa mwitu wakubwa na simba wa milimani walishamalizwa karne ya 19. Msitu uliofyekwa ukachipua upya, yaani meza ya chakula usawa wa mdomo. Kulungu wakafanya kile ambacho mnyama yeyote angefanya. Leo jimboni wanakisiwa milioni moja na nusu hivi, na nchi nzima karibu milioni 30.

Marufuku ile ya majike ndiyo kiini cha ugomvi wote, na ndiyo iliyonifanya nitake kuandika. Jike aliyeshiba huzaa mapacha karibu kila mwaka. Dume mmoja anatosha majike kadhaa. Ukiua madume kumi hujapunguza kitu, mwakani majike watazaa vilevile. Mfugaji wa mbuzi wa Handeni hahitaji kufundishwa hili, ndiyo maana anachinja beberu na kubakiza majike. Lakini wawindaji wa Pennsylvania walifundishwa na tume yenyewe, vizazi vitatu, kwamba mwanamume wa kweli hapigi jike. Babu alimwambia baba, baba akamwambia mwana. Siku tume ilipobadili somo, hakuna aliyetaka kulisikia.

Aliyebebeshwa mzigo wa kubadili somo hilo alikuwa Gary Alt, mtaalamu aliyejulikana kwa kazi yake juu ya dubu, akakabidhiwa mpango wa kulungu mwaka 1999. Alizunguka jimbo zima akiwaeleza watu kwenye kumbi kwamba majike lazima wapigwe na madume wachanga waachwe wakue. Mwaka 2002 ikawekwa sheria ya kuhesabu ncha za pembe kabla ya kumpiga dume. Alt alipokea vitisho hadi akawa anavaa fulana ya kuzuia risasi kwenye baadhi ya mikutano. Mwisho wa 2004 akaondoka. Fikiria: mtu anavaa kinga ya risasi kwa sababu amesema kulungu jike auawe! Nilipomsimulia mzee jirani kwamba nimeisoma habari hiyo, alikuna shingo. "Nilikuwepo kwenye mkutano mmoja," akasema. "Nilizomea." Hakuongeza neno, nami sikumchimba.

Ziko njia nyingine, na watu wa mjini huzipenda. Mwaka 2016 jiji la New York lilianza kuwakamata madume wa Staten Island, kuwalaza kwa dawa na kuwafunga kizazi, mmoja mmoja. Pale ni kisiwa, na jiji lina fedha. Huku kwenye matuta haya, nani atamkimbiza dume wa laki ngapi? Mama nilipomwambia alicheka mpaka simu ikakatika.

Kwa hiyo kazi inabaki kwa wawindaji, na kila msimu katika miaka hii ya karibuni wanaua kulungu 400,000 hivi Pennsylvania peke yake. Tatizo ni kwamba wawindaji wenyewe wanazeeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jimbo liliuza leseni karibu milioni 1.3, sasa hazifiki 900,000. Mzee jirani ana wana watatu, wote wako mijini, hakuna anayekuja hata siku ya kufungua msimu, siku ambayo zamani shule zilifungwa. Mtu huwezi kumuuzia mwingine nyama ya mnyama wa porini, sheria imekataza tangu zama zile za kuwaokoa wasiishe. Hivyo idadi ya kulungu inategemea kabisa ni familia ngapi ziko tayari kutia nyama hii kwenye sufuria zao.

Nikamuuliza mzee, nusu utani: "Na mimi je?"

Hakucheka. Alinipa karatasi ya darasa la mafunzo, ambalo kila mwindaji mpya lazima apite. Darasani tulikuwa watu ishirini na tisa, watoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, na baba zao, na mimi na hijabu yangu mstari wa mbele. Nikafaulu. Nikalipa dola 20.97 za leseni na dola 6.97 za kibali cha jike. Kibali hicho hadi 2022 watu walikiomba kwa bahasha ya waridi inayotumwa posta kwa mweka hazina wa kaunti. Sasa unabonyeza tu mtandaoni, na wazee wanazililia bahasha zao. Halafu kuna kanuni ya nguo: inchi mraba 250 za rangi ya machungwa inayowaka, kichwani, kifuani na mgongoni. Nilinunua hijabu ya rangi hiyo. Muuza duka alitaka kujua nimelipata wapi wazo hilo.

Jumamosi baada ya sikukuu ya Thanksgiving, saa kumi na moja alfajiri, tulitembea na mzee kwenye theluji nyepesi hadi ukingo wa soya yake. Akamulika tochi juu, na mimi nikasimama pale nimeduwaa. Nguzo nne, ngazi ya mbao, kichanja, paa dogo.

"Hili ni dungu," nikasema.

"Ni nini?"

"Dungu. Kwetu tunaliita dungu."

Akalirudia, akilitafuna. *Dunggu.* Tukapanda.

Tofauti na Handeni, huku kazi ni kunyamaza. Baridi iliingia kupitia soksi mbili. Kukapambazuka taratibu, kwanza theluji, kisha vigogo, kisha majike watatu walikuwa pale kama waliokuwepo muda wote, vichwa chini, wakifukua mabaki ya soya. Mzee akanigusa bega. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar kwa sauti ambayo hata yeye aliyekaa ubavuni aliisikia kama pumzi, nikavuta. Wawili wakaruka na mikia juu. Wa tatu akakimbia hatua hamsini hivi, akalala.

Sitaki kudanganya kwamba nilifurahi. Magoti yalikataa ngazi. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kufa, jicho wazi, kope ndefu kama za ng'ombe, na theluji haiyeyuki juu yake. Mzee alinionyesha mahali pa kuandika kwenye kadi na kuifunga sikioni, kabla ya kumsogeza hata hatua. Kisha kisu. Mvuke ulipanda kutoka tumboni ukatupiga usoni, wa moto, wenye harufu ya nyasi iliyochacha. Nilikuwa na hofu moja sikuwa nimeitamka. Akaielewa. "Mimba sasa hivi ni kama punje," akasema, "hutaona kitu." Tumbo lenyewe alilipasua makusudi ili nione: mbegu za mialoni zilizopondwa, soya, na punje za mahindi yake, nzimanzima, za njano. Akachukua moja akaiweka kiganjani mwangu.

Suala la uhalali lilitatuliwa kwa simu. Mume wangu alimpigia mjomba wake Tanga, anayesomesha madrasa. "Alitaja jina la Mungu?" Ndiyo. "Risasi ilitoboa?" Ndiyo. "Alimkuta kafa?" Ndiyo. "Basi kuleni, mnanisumbua nini na mimi sijaletewa?"

Hata hivyo hatukula siku hiyo. Tangu 2012 jimbo hili lina ugonjwa wa kulungu unaoshambulia ubongo, mnyama anakonda, anadondosha mate, anakufa, na hauna dawa wala chanjo. Chanzo chake ni protini iliyojipinda vibaya, na moto wa jikoni hauiui. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumwambukiza mtu, lakini mnyama mgonjwa unashauriwa usimle, na maeneo kama yetu yamewekwa chini ya kanuni zake: marufuku kulisha kulungu, marufuku kutoa kichwa na uti wa mgongo nje ya eneo. Kwenye kona za barabara kuna mapipa makubwa ya chuma ya kupokea vichwa kwa vipimo, bure. Nilifunga kichwa kwenye mfuko, nikakitumbukiza, nikasikia kikitua juu ya vingine. Kundi likibanana, ugonjwa unapita haraka. Kupe nao wanaoeneza ugonjwa wa Lyme hunenepa kwa damu ya kulungu hawahawa, ingawa vijidudu vyenyewe huvipata kwa panya. Mwanangu wa pili aliupata, akapona kwa dawa.

Majibu yalitoka baada ya majuma kadhaa: hakuonekana kitu. Nikatoa mguu kwenye friza, nikaukata vipande vidogo, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, nikachemsha taratibu kisha nikaunga kwa nazi ya kopo. Nyama yake haina mafuta, ukiharakisha inakuwa kama kiatu. Bega moja lilikwenda kwa familia ya Wakongo Lancaster, watu wa Kivu, ambao hawakuuliza ni mnyama gani mpaka walipomaliza. Bega la pili mzee alitaka nilitoe Hunters Sharing the Harvest, mpango ambao tangu 1991 unapeleka nyama ya kulungu kwenye vituo vya chakula vya maskini, lakini wao hupokea mnyama mzima kwa bucha wao, basi likarudi kwenye friza yangu.

Mama alitaka picha. Nikamtumia moja, nimevaa hijabu ya machungwa nimesimama chini ya dungu. Nikamwambia pia kwamba baada ya Krismasi kuna msimu mwingine wa bunduki za kushindilia zinazowashwa kwa jiwe, na watu wenye magari ya maana wananunua gobore jipya dukani.

"Gobore? Huko Marekani?"

"Gobore, Mama."

"Na umeua mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Wamebaki wangapi?"

Mwezi wa pili mzee alipiga mlango akiwa na msumeno na mbao mbili mpya begani. Daktari amemkataza kupanda ngazi. Alisema kipandio cha tatu na cha nne cha ngazi ya *dunggu* vimeoza, na kwa kuwa ni mimi nitakayekuwa juu mwaka huu, ni heri nikamshikie mbao nione mwenyewe misumari inapoingia.